Kitufe Cheusi Kilichovuma Nisipokuwapo

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zimelala upande kama watu waliochoka, na najua kuna mahali nimeunganisha maneno yasiyounganishwa. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika waya kuliko kalamu. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua asubuhi nzima, na katikati yake nimeuza ndimu na pilipili kwa watu ambao hata sikuwatazama usoni.

Jina langu ni Kazungu. Watu hucheka wakisikia kijana kama mimi anasema amestaafu. Kustaafu, wao wadhani, ni kwa wenye mvi na saa ya ukutani waliyopewa na ofisi. Lakini daktari alinichungulia sikio la kushoto, akazima kitochi chake, akaniambia spika na hedifoni sasa basi. Kwa fundi wa sauti huko ndiko kustaafu. Siku hizi niko kwenye meza ya mamangu pale soko la Marikiti, na kelele za wachukuzi hazihesabiki kuwa kazi.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa katika duka la Ami Swaleh, Mji wa Kale, mnaojifunza kufunga spika na kukaa kwenye miksa ya sauti. Hasa nyinyi wasichana. Kuna jambo ninalolitaka kwenu, na nitalisema mwisho, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba mapema.

Nilifika dukani kwa Ami Swaleh nikiwa nimebeba redio ya nyumbani iliyokuwa ikikwaruza. Ami aliifungua, akaifuta vumbi ndani kwa brashi ya rangi, ikanyamaza kukwaruza. Kisha akaniuliza, "Wewe wafanya nini huko nje juani?" Nikasema sifanyi kitu. Akanitupia waya mrefu uliojisokota kama matumbo. "Ukunje huo." Nikaukunja kwa kuuzungusha kwenye kiwiko na kiganja, kama mama anavyokunja kamba ya nguo. Akaninyang'anya. "Waya si kamba, mwanangu. Ukiulazimisha utakuwekea kinyongo, na kinyongo chake utakisikia ndani ya spika." Akanionyesha kuukunja kwa kuuachia uende unakotaka wenyewe, duara moja juu, duara moja chini. Hilo ndilo nililolifanya siku ile yote. Mkikuta waya wowote dukani umekunjwa kwa kiwiko, jueni si wangu.

Ami ana tabia moja ambayo nyinyi mtaiona upesi. Hugonga vitu. Akiingia nyumba ya mtu kufunga spika, hugonga mlango, meza, kabati, ukuta, kwa kifundo cha kidole, huku ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza nilidhani anabisha hodi. Aliniambia, "Kila kitu kilicho na uwazi ndani kina sauti yake kimeiweka. Kinangoja tu kuitwa." Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Sikuelewa mpaka habari hii ninayowaandikia.

Kazi yetu kubwa, kama mjuavyo, ni shughuli za kina mama. Harusi ya Mji wa Kale haikamiliki bila siku ambayo wanawake wanakaa peke yao, wamevua mabuibui, wamevaa dhahabu, wakiimba na kucheza baada ya alasiri, na mwanamume hatii mguu. Sisi twaenda asubuhi, twafunga spika, twajaribu, twaondoka. Mlangoni hukaa bibi mmoja na kikapu, na kila anayeingia huacha simu yake humo ili mtu asipigwe picha kichwa wazi. Kwa hiyo hakuna picha inayotoka, na hakuna sauti inayotoka. Nimefunga spika katika kumbi za kisiwa hiki mpaka walinzi wananijua kwa jina, na sijawahi kusikia shughuli hata moja. Ni kama mpishi ambaye hajaonja. Zamani hilo halikuniuma, maana mimi ni mtu wa haya, na mahali pasipo na watu hunifaa. Lilianza kuniuma nilipotengeneza kinanda.

Kulikuwa na nyumba moja nyuma ya msikiti, ya bibi mmoja mjane, jamaa ya Ami. Katika ukumbi wake kulikuwa na piano ya zamani ya mbao, imesimama ukutani, ya marehemu mumewe. Chumvi ya bahari ilikuwa imeanza kuila, na wanawe walitaka kuiuza. Ami akasema kabla haijaondoka tuirekodi, kitufe kimoja kimoja, halafu tuzitie sauti zake ndani ya kompyuta, ili mtu akibonyeza kibao cha plastiki itoke piano ile. Kazi hiyo akanipa mimi.

Nyinyi mtakaofanya kazi kama hiyo, sikizeni. Kila kitufe nilikirekodi kwa mguso laini, kwa mguso wa kati, na kwa nguvu. Kila mara ningoje sauti ife yenyewe mpaka mwisho, bila kupumua. Na Mji wa Kale haujui kungoja. Kunguru watalia, mkokoteni utapita kwenye vijiwe, muuza kahawa atagonganisha vikombe, mwadhini ataadhini. Nilikuwa nikifanya kazi katika nafasi ndogo zilizobaki kati ya sauti za watu wengine. Bibi mwenye nyumba alikuwa akinipitia na chai, aniona nimekaa kimya nimefumba macho, aniuliza, "Kazungu, waumwa?" na hapo kitufe kile nikirudie tena.

Nikakaa na sauti zile dukani miezi mingi, nikizikata, nikizipanga, nikizisawazisha. Siwezi kupiga piano. Vidole vyangu havijui hata wimbo wa mtoto. Lakini kila kitufe cha kinanda kile nakijua kama mtu ajuavyo ngazi za nyumbani kwao gizani. Kilipokamilika, Ami alibonyeza kimoja, akagonga meza, akasema, "Ewaa." Ami hasemi zaidi ya hapo. Nilitembea mpaka Mwembe Tayari kupanda gari nikiwa sioni watu.

Ndipo akaja Rukiya.

Rukiya ni mjukuu wa nyumba za Mji wa Kale, wale waliotoka Arabuni zamani mpaka wamesahau njia ya kurudi. Alikuwa akipiga kinanda katika kikundi cha Bi Zena, mwanamke mkubwa wa miaka na wa mwili, anayeongoza uimbaji wa kina mama. Alikuja dukani kutafuta sauti ya piano iliyo nzuri kuliko ya kibao chao. Akakaa kwenye stuli yangu, pasipo kuuliza ni ya nani, akapiga. Kile nilichokuwa nimekikusanya punje punje, yeye alikimwaga kama maji. Watu wakasimama barazani kusikiliza. Ami alitabasamu. Mimi nikaenda nyuma kukunja waya ambao ulikuwa umekunjwa.

Wivu, kwa waliobahatika kutoujua, hauanzii moyoni. Huanzia masikioni. Ukisikia mtu akisifiwa kwa kitu chako, unaanza kusikia vibaya na mengine yote. Baada ya harusi mbili tatu, mji mzima ulikuwa ukikiita "kinanda cha Rukiya." Wanawake wakija kukodi spika husema, "Twataka na kile kinanda cha Rukiya." Nami ndiye niliyekuwa nikiandika maombi yao, kwa mwandiko huu huu. Sikuwahi kusahihisha. Mtu mwenye haya hasahihishi. Huandika, akabana kalamu.

Na kilichoniuma kuliko jina ni kwamba alikuwa akiingia. Yeye alikisikia kinanda changu mahali kilipotakiwa kusikika, katikati ya sauti za watu na vigelegele, na mimi nilikuwa nikikijua kikiwa peke yake katika chumba kitupu tu. Nilikuwa kama mzazi ambaye mwanawe anakwenda kuolewa katika nyumba asiyoruhusiwa kuiona.

Siku moja Rukiya alirudi na uso umekunjwa. Salamu zilipokwisha, maana hata mtu wa Mji wa Kale akija kugombana atakuuliza hali kwanza, akasema, "Kazungu, kinanda chavuma."

"Kinavuma wapi?"

"Kitufe kimoja. Kile cheusi, cha kwanza katika vile vitatu vilivyo kushoto kwa katikati. Nikikigusa, chavuma kama nzi ndani ya mtungi. Hakikomi. Bi Zena anitizama mimi, adhani ni mkono wangu."

"Huenda ni mkono wako," nikasema. Lilinitoka. Mimi husema maneno machache, na yakitoka huwa ndiyo hayo.

Ami akacheka kikohozi. Nikakibonyeza kitufe mbele yao, mara moja, mara mbili. Kilikuwa safi. Rukiya akakunja mikono. "Hapa hakivumi. Ukumbini chavuma."

"Basi ukumbi ndio mbovu."

"Kumbi zote tatu?"

Bi Zena mwenyewe alikuja siku iliyofuata. Alikaa kwenye kiti cha Ami, kiti kikalia, na akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali. "Mwanangu Kazungu, mimi sijui mambo ya kompyuta. Mimi najua nikiimba nafika nyumbani kwenye sauti ile ile, na nikifika nakuta nyumba ina nyuki. Mjukuu wangu yuaolewa mwezi ujao. Nimeambiwa kuna duka huko ng'ambo ya kivuko lina vinanda vilivyotoka nchi za nje hasa, tayari, vya watu waliosoma. Sitaki kwenda huko. Lakini wimbo wa mjukuu wangu sitauimba na nyuki. Kikivuma siku hiyo, kiondoeni kinanda hicho, nisikisikie tena."

Ami akainamisha kichwa. Nilijua maana yake. Bi Zena akikiacha, mji utakiacha. Piano ya mbao ilikuwa imeshauzwa, na aliyeinunua tulisikia ameibomoa apate mbao. Isipokuwa ndani ya kompyuta ile, haikuwako tena duniani.

Nikavaa hedifoni. Nikakisikiliza kitufe kile kwa mguso laini, wa kati, wa nguvu, mpaka sauti ilipokufa. Siku ya pili nikasikia kitu. Mbali nyuma ya sauti, juu, kulikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anayepitisha kidole kwenye ukingo wa glasi. Haukuwa wa piano. Nikarudi nyumbani kwa yule bibi. Piano haipo, lakini ukuta uko. Na ukutani, juu ya mahali ilipokuwa, kuna vidaka, vile vishimo vya chokaa wanavyopanga vyombo vya urembo, na ndani yake sahani za kaure za zamani. Nikamwomba ruhusa, nikaimba sauti ya kitufe kile mbele ya vidaka kwa aibu kubwa. Sahani moja ikanijibu.

"Hiyo ilikuwa ikijibu hata marehemu akipiga," bibi akasema. "Mimi nilikuwa nikimwambia aihamishe, yeye akisema niiache, nayo yataka kuimba."

Nilirudi dukani mbio. Katika programu yetu kuna kifaa tunachokiita kisu, kwa sababu hukata sehemu nyembamba ya sauti na kuacha nyingine. Kosa la mwanafunzi ni kukata pana na kukata sana. Sauti hufa, ikabaki kama mtu anayezungumza na mto usoni. Kwanza ongeza pale unapodhania, mpaka ubaya upige kelele, ndipo ujue ulipo. Kisha kata kwa wembamba, kidogo, kitufe hicho kimoja tu. Nikaikata sahani ile. Kitufe kikabaki kizito na safi. Nikajiambia, na hili watu watalihesabu kuwa la Rukiya?

Shughuli iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Rukiya akafika. Nilikuwa nimekaa tayari kupokea asante.

"Waambaje, Kazungu?"

"Sina neno. Kilikuwaje?"

"Kilivuma."

Nikaondoka kwenye stuli. Nilisema mambo. Nikasema pengine haachii kanyagio, pengine pete zake zagonga kibao, pengine wanaopiga mayowe humo ndani ndio nyuki wenyewe. Rukiya akanisikiliza mpaka nikaisha, na mimi huisha upesi.

"Aka! Pete sivai nikipiga. Wewe hukuwako, Kazungu. Mimi nilikuwako."

"Ndiyo! Sikuwako! Siku zote sikuwako!"

Ami aliweka chini bisibisi yake. "Wamwonea wivu nani," akauliza taratibu, "kinanda au msichana?"

Nikainama kukunja waya. Nilimwonea wivu wa vidole vyake, na wa lile pazia la mlangoni linalomfungukia yeye na kunifungia mimi, na wa masikio yake yaliyokuwa na haki ya kusema "nilikuwako." Nikamwonea hata wivu wa sauti mbovu, maana hata hiyo ilikuwa yake, mimi sijaisikia.

Rukiya ndiye aliyerudi kukaa. Akavuta kiti karibu na meza, mlango wazi, Ami akiwa pale pale mbele yetu. "Simu haziingii," akasema, "siwezi kukurekodia. Lakini nitakuimbia." Akafumba mdomo, akauma midomo kidogo, akatoa mvumo. Haukuwa mlio wa sahani hata kidogo. Ulikuwa chini, kifuani, mnene, wenye kutetemeka. Aliutoa tena na tena, na mimi nikawa nauwinda kwa kisu, nikipandisha kidogo kidogo, yeye akitikisa kichwa: siyo, siyo, chini zaidi, rudi, hapo. Hapo! Tulipofika hapo, hata dawati liliitika.

Ami akagonga dawati kwa kifundo cha kidole. Kisha akamgeukia Rukiya. "Spika huwa ziko wapi?"

"Juu ya jukwaa."

"Siyo," nikasema mimi. "Nilizifunga chini, kwenye sakafu, kulia na kushoto. Asubuhi zote nimeziweka sakafuni."

Rukiya akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Wewe waziweka sakafuni. Ukishatoka waja wapambaji na jukwaa la bibi harusi. Lapangwa pale pale. Spika zako zapandishwa juu, nyuma ya maua, maana mbele hukaa mashangazi, nao hawatakaa nyuma ya sanduku la mtu."

Sijawahi kuliona jukwaa hilo likiwa limesimama. Kila nilipofika asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, na kila nilipokwenda kufungua siku ya pili lilikuwa limeshabebwa. Ni fremu za chuma, juu yake mbao nyembamba, juu yake zulia. Chini yake ni uwazi. Ni ngoma kubwa kama chumba, na mimi nilikuwa nimeweka piano juu yake miezi yote hiyo bila kujua, katika kumbi zote, kwa kuwa wapambaji ni wale wale na jukwaa ni lile lile. Lilikuwa na sauti yake limeiweka, likingoja kuitwa, na kitufe kile cheusi ndicho kilichojua jina lake.

Dawa nyepesi ilikuwa kuzishusha spika. Rukiya akampelekea Bi Zena neno, akarudi na jibu. "Asema mashangazi wa bwana harusi wameshaambiwa watakaa mbele. Kuwasogeza mashangazi ni kuvunja harusi." Hapo mjadala ukaisha, nyinyi ni watu wa pwani, mwajua. Ami akasema zitandikiwe kitu chini, na tukamwekea Rukiya vipande viwili vya godoro. "Lakini hayo hayatatosha," akasema. "Kitufe kikatwe."

Mimi nikakataa. Kitufe kile sasa kilikuwa kizuri. Nimekisafisha hata sahani. Kukikata tena, chini, kwenye nyama yake, kwa ajili ya mbao za kukodi, nilikuona ni kumkata mtoto wangu kidole ili kiatu cha mtu kimfae. Nikasema hivyo, karibu kwa maneno hayo.

"Kazungu," Ami akasema, "kinanda ni cha nani?"

"Ni changu," nikasema, kwa mara ya kwanza mbele za watu.

"Vyema. Nani akisikiaye?"

Macho yangu yakamwendea Rukiya.

"Basi tengeneza cha pili, mfano wake. Chako kibaki kama kilivyo. Hicho cha pili kiwe cha jukwaa. Na kisu chake umpe atakayekuwako."

Kwa hiyo nilimfundisha Rukiya kisu. Nilitumaini itamchukua muda. Nilimwambia lile la kwanza kuongeza ndipo ukate, la kukata wembamba, la kuonja kila mara kwa nyimbo na si kwa kitufe peke yake, la kuacha masikio yapumzike. Kila nililomwambia alilishika, na mara mbili aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Mtu anayejifunza upesi ni baraka kwa mwalimu, wasema watu. Wasiseme mbele yangu. Nilimkabidhi kompyuta ndogo nikajihisi nimepungua kimo.

Siku ya harusi ya mjukuu wa Bi Zena nilifunga spika asubuhi, sakafuni, nikijua wazi kwamba natoa maigizo. Nikaziwekea vile vipande vya godoro pembeni. Alasiri sikurudi nyumbani. Nilikaa kwenye baraza mkabala na mlango wa ukumbi, pamoja na ndugu wa bibi harusi na madereva wanaongoja mama zao. Kuta za nyumba zile ni nene, za mawe ya matumbawe, zilijengwa na watu wasiotaka mambo yao yajulikane. Ngoma zilitoka. Vigelegele vilitoka. Piano haikutoka. Niliinamisha sikio langu, nikapata mapigo tu, bila sauti, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Dereva mmoja akaniuliza, "Bwana, wewe wangoja nani humo?" Nikasema, "Kitufe." Akasogea upande wa pili wa baraza.

Kuna wakati vigelegele vilipanda vikakaa juu, havishuki, na nikajua Bi Zena amefika nyumbani kwenye wimbo wake. Kama kulikuwa na nyuki au hapana, baraza halikuniambia.

Karibu na magharibi pazia lilisogea na Rukiya akatoka, buibui amelivaa haraka, jasho usoni. Akavuka njia.

"Kimetulia," akasema.

"Ulikata kiasi gani?"

"Kidogo. Magodoro yalisaidia. Nilikata nusu ya ulivyoniambia. Nikaacha kimtetemo chembamba chini yake."

"Uliacha? Kwa nini uliacha?"

"Kwa sababu kilikuwa kitamu." Alisema hivyo bila kujitapa, na hilo ndilo lililonichoma. "Bi Zena alipofika pale, mbao zote zikamwitikia kidogo tu, kama watu wanaosema 'amina' kwa ndani. Mashangazi walilia. Nikasema, sikikati zaidi."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningekikata chote, na ningekosea. Sikumwambia. Nikamwambia, "Niimbie."

Akatazama madereva. Kisha akafumba mdomo, akanipa sauti ya kitufe, na chini yake, kifuani, ule mtetemo aliouacha. Ulidumu muda wa pumzi moja. Halafu ndani wakamwita, "Rukiya! Shoga! Warudi ama umeolewa huko nje?" akacheka, akakimbia, pazia likarudi mahali pake.

Hiyo pumzi moja ndiyo shughuli pekee niliyoisikia.

Kazi iliendelea. Bi Zena hakwenda ng'ambo, kinanda hakikufutwa, na Rukiya akawa anakaa kwenye kisu kila wiki huku mimi nikikunja waya na kurekebisha mengine. Tulisemezana vizuri. Alinipenda kama ndugu, nadhani, na alisema kwa watu, "Alokitengeneza ni Kazungu," nao wakasema, "Haya," kisha wakaendelea kukiita cha Rukiya. Wivu wangu haukuisha. Niliuzoea tu, kama mtu anavyoizoea feni inayolia.

Kisha sikio la kushoto likaanza kuwa na noti yake. Moja, ya juu, karibu na ile ya sahani ya kidakani. Hulia mchana na nikilala, na haina kisu. Nilijaribu kuificha, lakini Ami hugonga vitu. Aligonga kabati siku moja upande huo, sikugeuka, akajua. Siku yangu ya mwisho nilifungua kompyuta kuangalia kile kinanda cha pili, nikitumaini kitu ambacho nawaachia mkibuni. Rukiya alikuwa amekihifadhi kwa jina hili: "Jukwaa. Usiguse." Nikacheka peke yangu. Ni jina zuri la kazi. Sikukigusa.

Sasa ombi langu. Nyinyi wasichana mnaoanza, mtaingia nyuma ya pazia lile. Mtakaa kwenye miksa nikiwa mimi nauza ndimu. Mkifika kwenye wimbo wa kumpandisha bibi harusi jukwaani, na Bi Zena akashuka kwenye ile sauti yake, wekeni kiganja kwenye mbao, chini ya zulia, mahali asipowaona mtu. Kisha mniandikie. Mpeni Ami barua, au njooni nayo Marikiti, meza ya ndimu, upande wa vikapu. Niandikieni kilikuwaje: kama ule mtetemo bado upo, kama ni mwembamba au umenenepa, kama umefanana na amina. Hata mwandiko ukiwa mbaya kuliko huu wangu nitausoma, nami nina wakati. Msiniandikie kwamba kilikuwa kizuri ili kunipendeza. Niandikieni kama watu waliokuwako.